Kwa nini wagonjwa wa uchovu sugu walipoteza imani na watafiti wao: kisa cha jaribio la PACE

#1 Mlinganyo (mwanzisha uzi)

Waungwana, salaam.

Juzi, katika mjadala kuhusu watu wanaoendelea kuugua miezi mingi baada ya UVIKO-19, ndugu mmoja aliandika kwamba wagonjwa wa uchovu sugu wa Uingereza na Marekani ni watu wasio na shukrani, kwa kuwa wanafanyiwa utafiti kwa fedha za serikali na bado wanawashambulia wanaowatafiti. Nilitaka kumjibu palepale, nikaona jibu linazidi mada yenyewe kwa urefu, ndiyo maana nimefungua uzi. Mimi si daktari, nafundisha takwimu. Niliingia katika habari hizi kwa sababu mdogo wangu anayeishi Uingereza aliugua maradhi haya, akawa ananitumia makala za kitabibu nimsaidie kuzisoma. Nilichokikuta humo kimenishawishi kwamba kutoamini kwa wagonjwa hawa kuna tarehe, kuna hesabu na kuna nyaraka, na kwamba yeyote anayejua kusoma jedwali anaweza kujikagulia mwenyewe.

Neno "uchovu" limewaponza sana wagonjwa hawa, kwa sababu kila mtu amewahi kuchoka na kila mtu anadhani anajua dawa yake. Dalili inayoutofautisha ugonjwa huu ni kwamba mgonjwa akivuka kidogo tu kiwango chake cha nguvu, hata kwa kuoga au kuzungumza na mgeni kwa saa moja, huzidiwa, tena mara nyingi kesho yake au keshokutwa, na hali hiyo huweza kumlaza kwa siku kadhaa au majuma. Juu ya hayo kuna usingizi usioburudisha, akili kuwa nzito, na kizunguzungu anaposimama. Mwaka 2015 kamati ya Taasisi ya Tiba ya Marekani ilikadiria kwamba nchini humo pekee wagonjwa ni kati ya 836,000 na milioni 2.5, na kwamba walio wengi hawajawahi kuambiwa wanaugua nini. Wagonjwa wenyewe hupendelea jina la zamani, *myalgic encephalomyelitis*, ambalo hufupishwa kuwa ME.

Kutoaminiana hakukuanza na jaribio nitakalolieleza. Mwaka 1955, katika hospitali ya Royal Free jijini London, wafanyakazi zaidi ya 200 waliugua maradhi yasiyoeleweka na hospitali ikalazimika kufungwa kwa muda. Miaka 15 baadaye, mwaka 1970, madaktari wawili wa akili, McEvedy na Beard, walichapisha hoja kwamba lile lilikuwa wimbi la hofu ya kuambukizana kisaikolojia, na moja ya sababu walizozitoa ni kwamba waliougua wengi walikuwa wanawake. Walipitia mafaili, wagonjwa wenyewe hawakuwapima. Mtu aliyelala kitandani tangu 1955 na akasoma maneno hayo mwaka 1970 alikuwa na haki ya kununa, nami sioni ajabu kwamba manung'uniko hayo yalirithiwa.

Sasa tuje kwenye PACE, ambalo ndilo shina la ugomvi.

Lilikuwa jaribio kubwa kuliko yote yaliyowahi kufanywa kuhusu tiba ya ugonjwa huu: wagonjwa 641, gharama ya takriban pauni milioni 5, na miongoni mwa wafadhili ikiwemo wizara ya Uingereza inayosimamia mafao ya wasiojiweza kufanya kazi. Matokeo yalitoka katika jarida la *The Lancet* mwaka 2011. Wagonjwa waligawanywa kwa nasibu katika makundi manne. Wote walipata huduma ya daktari bingwa. Kundi moja halikuongezewa kitu, la pili likaongezewa tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mwenendo, la tatu mazoezi ya kupandishwa hatua kwa hatua, na la nne likafundishwa kuishi ndani ya kiwango cha nguvu zake. Watafiti walitangaza kwamba kundi la pili na la tatu ndiyo yaliyofaidika, na mwaka 2013 wakachapisha makala nyingine iliyosema asilimia 22 ya wagonjwa katika makundi hayo mawili walipona.

Tazameni neno hilo, "walipona", kwa kuwa hapo ndipo mtu wa takwimu anapopaswa kuvua miwani, kuifuta, na kuivaa tena.

Hali ya mwili ilipimwa kwa dodoso la alama 0 hadi 100, ambapo 100 ni mtu asiye na kizuizi chochote. Ili mtu aingie katika jaribio, yaani ahesabiwe kuwa mgonjwa vya kutosha, alitakiwa awe na alama 65 au chini yake. Katika itifaki ya awali, yaani mpango wa jaribio ulioandikwa kabla ya kuanza, aliyepona alitakiwa kufikia 85. Katika makala ya 2013 kiwango cha kupona kwenye kipimo hicho kikawa 60. Someni tena kwa utulivu: mtu aliweza kuingia akiwa na alama 65, akazorota hadi 60, na kwa kipimo hicho akaandikwa kuwa amefikia kiwango cha aliyepona. Vigezo vingine vilikuwapo pia, hivyo simaanishi kwamba kila aliyehesabiwa kupona alikuwa amezorota. Lakini wagonjwa kama asilimia 13 walikuwa tayari wamefikia mojawapo ya viwango viwili vikuu, cha mwili au cha uchovu, siku ile ile waliyoandikishwa kama wagonjwa.

Hiyo 60 ilipatikanaje? Walichukua wastani wa alama za watu wazima kwa jumla, ambao ni 84, wakaondoa mchepuko sanifu mmoja (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani), ambao ni 24. Hesabu yenyewe ni sahihi, ila sampuli hiyo ilijumuisha wazee na watu wenye maradhi mengine, na alama za dodoso hili hurundikana karibu na 100 huku mkia mrefu ukiburuta chini. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili akitumia mchepuko sanifu namna hiyo kwenye data iliyoegemea upande mmoja, humrudishia karatasi.

#2 Mlinganyo

Naendelea, kwa kuwa ujumbe wa kwanza ulikuwa unajaa.

Tatizo la pili halihitaji hesabu. Katika jaribio hili kila mgonjwa alijua anapewa tiba ipi, na vipimo vikuu vilikuwa majibu yake mwenyewe kwenye dodoso. Tiba mbili zilizoshinda zilimfundisha mgonjwa kwamba woga wake wa kujitahidi ndio unaomrudisha nyuma na kwamba akiutazama mwili wake kwa namna nyingine atapata nafuu. Ni sawa na kumfundisha hamali kwa miezi kadhaa kwamba gunia lake si zito, kisha kumuuliza gunia lina uzito gani, ilhali mizani ipo pembeni. Na mizani ilikuwapo. Kundi la mazoezi lilipotembezwa kwa dakika 6 lilitoka wastani wa mita 312 hadi 379 baada ya mwaka mzima, mwendo ambao haufiki kilomita 4 kwa saa. Kundi la tiba ya mazungumzo halikulizidi kundi lisiloongezewa kitu. Vifaa vya kuvaa mwilini vya kuhesabu mienendo vilitumika mwanzoni, lakini wakati wa kupima matokeo viliachwa, kwa maelezo kwamba vingewaelemea wagonjwa.

Tena, mwaka 2008, jaribio likiwa bado linaendelea, washiriki walitumiwa jarida dogo lenye shuhuda za wenzao waliosifu walivyosaidiwa, pamoja na habari kwamba mwongozo mpya wa tiba nchini Uingereza ulikuwa unapendekeza tiba mbili kati ya zile zile zilizokuwa zikijaribiwa.

Wagonjwa waliyaona haya mapema, wakaandika barua kwa majarida, wakaomba data. Mwaka 2014 mgonjwa mmoja wa Australia, Alem Matthees, aliwasilisha ombi kwa Sheria ya Uhuru wa Habari ili apewe data isiyo na majina. Chuo Kikuu cha Queen Mary cha London kilikataa. Kamishna wa Habari aliamuru itolewe. Chuo kikakata rufaa, kikatumia zaidi ya pauni 200,000 kwa mawakili, na Agosti 2016 baraza la rufaa likaamua dhidi yake. Data ilipotoka, hesabu zikafanywa upya kwa vigezo vya kupona vilivyoandikwa na watafiti wenyewe kabla ya kuanza: asilimia 22 ya tiba ya mazungumzo ikashuka hadi 7, na ya mazoezi ikashuka hadi 4, ambayo haitofautiani kwa maana yoyote ya kitakwimu na asilimia 3 ya wale wasioongezewa kitu.

Kati ya 2011 na 2016 ni miaka 5. Katika kipindi hicho wagonjwa waliopinga waliitwa wapinga sayansi.

#3 Dkt_Mzizi

Ndugu Mlinganyo, nakushukuru kwa andiko lenye nidhamu, ambalo ni nadra humu. Mimi ni tabibu wa miaka mingi na nina mambo matatu ya kukupinga.

La kwanza, kubadilisha vigezo katikati ya jaribio si uhalifu. Hutokea, na ikiwa mabadiliko yamefanywa kabla ya matokeo kuonekana na yametajwa katika makala, mtafiti ametimiza wajibu wake. Na kwa kumbukumbu yangu, watafiti wa PACE walisema wazi katika makala yao kwamba wamebadilisha. La pili, unawasema watafiti kana kwamba walikuwa salama salimini, ilhali mwaka 2011 vyombo vya habari vya Uingereza viliripoti kwamba baadhi yao walitishiwa maisha. Daktari akitishiwa kwa sababu ya jedwali, mwingine mwenye kipaji atachagua kutafiti kisukari. La tatu, nimewahudumia watu wenye uchovu wa muda mrefu ambao mazungumzo yaliwasaidia kweli. Tukiwaambia wagonjwa kwamba kila anayetaja akili anawatukana, tutawanyima msaada wanaouhitaji.

#4 Mwalimu_wa_Iringa

Mimi nimestaafu ualimu na sijui lolote kuhusu ugonjwa huu, lakini suala la alama ya kufaulu kushushwa nalijua. Nani kati yetu amesahau matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yalivyotangazwa, yakafutwa na serikali mwaka 2013, na kutangazwa upya kwa utaratibu mwingine wa kupanga madaraja? Watu waligombana sana, lakini tuliyaona matokeo yote mawili, ya kwanza na ya pili, tukalinganisha shule kwa shule na mtoto kwa mtoto. Kwa hiyo namuuliza Daktari kwa heshima: watafiti hao walipobadilisha, walionyesha pia matokeo kwa alama ya zamani?

#5 Mlinganyo

Mwalimu, shikamoo. Umeuliza swali ambalo baraza la rufaa lilichukua miaka kulifikia. Hawakuonyesha katika makala yao. Daktari yuko sahihi kwamba makala ya 2013 ilitaja kuwa vigezo vimebadilishwa; kilichokosekana ni jibu la vigezo vya awali, na ndicho Matthees alichokwenda kukidai.

Kuhusu vitisho, Daktari, sitatetea hata kimoja, na anayemtishia mtu maisha apelekwe polisi, awe mgonjwa au mzima. Hata hivyo chuo kilitumia hoja hiyo hiyo ya vitisho mbele ya baraza ili kuzuia data, na baraza, baada ya kupima ushahidi uliowekwa mezani, liliona kwamba maelezo kuhusu mwenendo wa wanaharakati yalikuwa yametiwa chumvi kupita kiasi. Tukio pekee lililothibitishwa mbele yao lilikuwa la mtu mmoja kumzomea mtafiti kwenye semina. Wagonjwa wengi wa ugonjwa huu hawawezi kukaa kitako kwa saa mbili. Wachache waliofanya uovu waligeuzwa sura ya wote, na mtu aliyeandika barua yenye majedwali kwa jarida akajikuta anahesabiwa nao.

Hoja yako ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nami naikubali nusu. Mgonjwa yeyote wa maradhi ya muda mrefu, awe wa figo au wa saratani, anaweza kufaidika kwa kuzungumza na mtu anayemsikiliza. Kilichokataliwa ni kumwambia mgonjwa kwamba mazungumzo yatamponya kwa kuwa imani yake potofu ndiyo inayomlaza. Mwongozo mpya wa taasisi ya NICE ya Uingereza, uliotoka Oktoba 2021 baada ya kusitishwa Agosti kutokana na upinzani wa baadhi ya madaktari, uliweka mstari huo huo: tiba ya mazungumzo ikabaki kama msaada wa kukabiliana na ugonjwa, isitangazwe kuwa ponyo, na mazoezi ya kupandishwa kwa ratiba yakaondolewa. Waliopitia ushahidi kwa ajili ya mwongozo huo walizipa tafiti za tiba hizo daraja la ubora wa chini au wa chini sana.

#6 Kijana_wa_Maabara

Mlinganyo, naona unawapaka wagonjwa mafuta. Mbona husemi habari za virusi vya XMRV? Mwaka 2009 jarida la *Science* lilichapisha kwamba virusi hivyo vimeonekana kwa asilimia 67 ya wagonjwa. Wagonjwa walishangilia, wakalipia vipimo, wengine wakaanza kumeza dawa za kufubaza VVU. Mwaka 2011 makala ikaondolewa. Walewale wanaokagua kila nukta ya PACE hawakukagua chochote pale palipowafurahisha.

#7 Mlinganyo

Kijana, umenikamata mahali pazuri na ningelitaja hata usingelitaja. Ni kweli. Ilikuja kubainika kwamba virusi hivyo vilizaliwa maabara, katika seli za saratani ya tezi dume zilizopandikizwa kwenye panya, na vikachafua sampuli. Mwaka 2012 utafiti ulioongozwa na Ian Lipkin, kwa kuwashirikisha hata waliotoa madai ya kwanza, haukuvikuta kwa wagonjwa 147 wala kwa watu 146 wa kulinganishia.

Lakini tazama kisa hicho kinavyosema kuhusu hoja ya ndugu wa juzi. Watu waliodaiwa kuchukia sayansi walikimbilia makala ya kwanza iliyowaambia kuwa wana kitu kwenye damu, wakatoa fedha zao na damu yao. Mtu mwenye njaa hali kwa adabu. Mdogo wangu aliniambia kwamba siku makala ile ilipotoka, baba wa rafiki yake alimwomba msamaha binti yake kwa kutomwamini miaka yote. Ilipoondolewa, yule binti hakujua kama msamaha nao umeondolewa.

Na kwa upande wa Marekani, msisahau kwamba mwaka 1999 mkaguzi mkuu wa wizara ya afya aligundua kwamba kati ya dola milioni 22.7 ambazo kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilisema kimezitumia kwa ugonjwa huu, milioni 8.8 zilikwenda kwenye mambo mengine na milioni 4.1 hazikuwa na vielelezo vya kutosha.

#8 Bi_Nasra

Kaka Mlinganyo, nimesoma uzi huu kwa siku tatu, vipande vipande, simu ikiwa imepunguzwa mwanga. Niko Mombasa. Niliugua UVIKO-19 mwaka 2021 na sijarudi nilivyokuwa. Katika hospitali moja niliambiwa nina mawazo na nikaandikiwa mazoezi ya kutembea, kila juma niongeze dakika tano. Niliyafuata kwa bidii, maana mimi si mvivu, nilikuwa nikiuza vitambaa na nikibeba majora mwenyewe. Juma la nne sikuweza kunyanyua sufuria. Niliporudi kueleza, nikaulizwa kama nina ugomvi na mume wangu.

Sina la kuongeza katika hesabu zenu. Nataka kumwambia Daktari jambo moja kwa adabu: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sikukasirika kwa sababu yule daktari wa hospitalini alitaja akili. Nilikasirika kwa sababu nilimwambia kilichotokea na yeye akaandika kitu kingine. Naomba kujua kama kuna watafiti siku hizi wanaoandika walichoambiwa.

#9 Dkt_Mzizi

Bi Nasra, pole sana, na nakubali lawama hiyo kwa niaba ya taaluma, ingawa mimi si niliyekuhudumia. Kwa ulivyosimulia, dalili zako zilistahili kuandikwa kama zilivyo: kuzidiwa baada ya jitihada, kwa kuchelewa. Hapo hata mwanafunzi wa udaktari angepaswa kusimamisha yale mazoezi. Ningali nasimamia hoja yangu ya tatu, lakini ile ya kwanza naiondoa; nimeusoma uamuzi wa baraza jana usiku.

#10 Mlinganyo

Daktari, nashukuru. Si kawaida humu mtu kuondoa hoja yake mwenyewe.

Bi Nasra, swali lako lina majibu mawili yanayovutana. Februari 2024 taasisi za afya za taifa za Marekani, NIH, zilichapisha uchunguzi wa kina sana uliochukua miaka mingi, wenye wagonjwa 17 na watu 21 wa kulinganishia. Humo mna vipimo vya kinga, vya ubongo na vya maji ya uti wa mgongo ambavyo wagonjwa walivisubiri kwa hamu. Lakini makala iliupa uzito mkubwa mchezo mmoja wa kubonyeza kitufe ambapo mshiriki huchagua kazi rahisi au ngumu ili apate zawadi, na kwa kuwa wagonjwa walichagua ngumu mara chache, waandishi wakalitungia jambo hilo jina linalomaanisha upendeleo katika jitihada. Wagonjwa wakaghadhibika upya: wakaonyesha kwamba wenzao waliochagua kazi ngumu walishindwa kuimaliza mara nyingi kuliko wazima, na anayejua atashindwa akachagua nyepesi hajapendelea chochote, amepiga hesabu.

Jibu la pili ni DecodeME, utafiti wa vinasaba unaoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh, ambamo wagonjwa walikaa mezani tangu swali la utafiti lilipokuwa linaandikwa. Faida ya kuwashirikisha ilionekana kwanza katika mambo madogo: kwa kuwa wagonjwa waliozidiwa sana hawawezi kufika kliniki, sampuli ilikuwa mate yaliyotumwa kwa posta, na dodoso liliweza kujazwa kidogo kidogo. Agosti 2025 walitangaza matokeo ya wagonjwa 15,579 wenye asili ya Ulaya wakilinganishwa na watu 259,909, wakapata maeneo manane ya vinasaba yanayotofautiana, baadhi yakihusiana na kinga na mfumo wa neva. Hayo si tiba, na mimi na wewe vinasaba vyetu havimo katika hesabu ile. Hata hivyo sijaona kwa wagonjwa hasira niliyoiona kwa PACE, ingawa nao wanaikagua hesabu yake kwa ukali uleule.

#11 Bi_Nasra

Ahsante, kaka. Hicho cha mate kwa posta kimenigusa kuliko hayo maeneo manane ya vinasaba. Ukiweza, nitafutie huo mwongozo wa 2021, sehemu ya mazoezi tu, niuchapishe nimpelekee daktari wangu mpya. Uamuzi wa baraza nitausoma juma lijalo. Leo nguvu zangu za kusoma zimekwisha.